Mkunga, maksai na mke mwenza: mwanamke wa Kimormoni aliishije?

SWALI: Ninafundisha historia sekondari. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye kwao wanasali katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, alileta darasani picha ya mwanamke akivuta mkokoteni kwenye theluji. Darasa likagawanyika. Wengine walisema wanawake wale wa Marekani walikuwa mashujaa, wengine wakasema walikuwa wafungwa wa ndoa za mitala, hawakuwa na la kusema. Maisha yao yalikuwaje hasa? Na mitala waliikubali kwa hiari?

JIBU: Mwalimu, picha hiyo ni ya kweli, ila inaonyesha sehemu ndogo sana ya safari. Kati ya 1847 na 1869, mwaka ambao reli ya kuvuka Marekani ilikamilika, Wamormoni, yaani waumini wa kanisa hilo, wapatao 70,000 walivuka nyanda za Marekani kwenda Utah. Waliokwenda na mikokoteni ni karibu 3,000 tu, katika misafara kumi, kati ya 1856 na 1860. Waliobaki karibu wote walisafiri na magari ya turubai yaliyokokotwa na maksai, na hata hao wengi walitembea kwa miguu, maana ndani ya gari mlijaa unga, mbegu, majembe na wagonjwa.

Sitakueleza habari za mwanamke wa Kimormoni kwa jumla, kwa sababu hapo ndipo darasa lako lilipokwama. Nitakupa mmoja aliyeandika maisha yake karibu kila siku, kisha nimweke pembeni yake mwingine aliyepita njia ileile akiwa na ngozi nyeusi. Wa kwanza ni Patty Sessions, mkunga.

Kwanza historia kwa ufupi. Kanisa lilianzishwa na Joseph Smith huko New York mwaka 1830. Waumini wake walihamia Ohio na Missouri. Mwaka 1838 gavana wa Missouri alitoa amri kwamba wafukuzwe au waangamizwe. Wakajenga mji wa Nauvoo, Illinois, kando ya mto Mississippi. Huko nako uhasama ulikua, na Juni 1844 Joseph Smith na kaka yake Hyrum waliuawa na kundi la watu wenye silaha wakiwa mahabusu katika gereza la Carthage. Februari 1846, katikati ya baridi kali, waumini wakaanza kuuhama mji wakiongozwa na Brigham Young.

Patty alikuwa na miaka 51. Alizaliwa Maine mwaka 1795 na kuolewa na David Sessions akiwa binti wa miaka 17. Mama mkwe wake alikuwa mkunga, na ugonjwa wa viungo ulipomzidi yule mama, Patty akaanza kwenda badala yake kwa wanawake wenye uchungu. Alijifunza kazi kwa kuifanya. Yeye mwenyewe alizaa watoto wanane na kuzika wengi wao. Walipokuwa wakifunga mizigo ili waondoke Nauvoo, binti yake Sylvia alimpa daftari, na siku hiyohiyo, 10 Februari 1846, Patty akaandika humo kwamba vitu vyake viko tayari kwa safari ya magharibi na kwamba ametoka kumzalisha mke wa mtu mtoto wa kike. Huo ndio mtindo wa shajara yake yote: safari na uzazi katika mstari mmoja, bila hata kuvuta pumzi.

Kambi ya kwanza ilikuwa Sugar Creek, upande wa pili wa Mississippi. Eliza R. Snow, mshairi na kiongozi wa wanawake, aliandika kwamba alipofika aliambiwa watoto tisa walikuwa wamezaliwa hapo usiku uliotangulia. Wanawake walijifungulia kwenye mahema, ndani ya magari, kwenye vibanda vya mablanketi. Mvua na theluji viliigeuza Iowa kuwa matope, na mkunga alikuwa akiamshwa usiku, anapanda farasi au anatembea maili kadhaa hadi kambi nyingine, kisha asubuhi msafara unaondoka naye akiwa hajalala. Kwa kazi hiyo alilipwa dola mbili, mara nyingine tatu, na mara nyingi kwa vitu au kwa ahadi. Alizihesabu fedha zake kwa makini sana, na naomba ulikumbuke hilo tutakapofika kwenye mitala.

Kazi za wanawake wengine hazikuwa nyepesi. Penye nyanda tupu kuni hazikupatikana, kwa hiyo waliokota mavi makavu ya nyati wa Marekani, wakayabeba kwenye aproni zao na kupikia nayo. Mkate uliokwa katika chungu cha chuma chenye mfuniko, makaa chini na makaa juu. Maziwa ya asubuhi yaliwekwa kwenye chombo kilichoning'inizwa garini, na mitikisiko ya barabara ikayasuka hadi jioni kuna siagi. Nguo zilifuliwa msafara uliposimama penye mto. Siku ilianza kwa baragumu alfajiri, ikifuatwa na sala, na ilimalizika kwa sala. Mwanamume akilala mgonjwa au akichukuliwa jeshini, kama walivyochukuliwa karibu wanaume 500 katika kiangazi cha 1846 kupigana vita vya Marekani na Mexico, mkewe ndiye aliyeshika mjeledi wa maksai.

Mwezi Septemba 1846 walianza kujenga makazi ya muda kando ya mto Missouri, mahali palipoitwa Winter Quarters, ambapo leo ni sehemu ya mji wa Omaha, Nebraska. Walikaa kwenye vibanda vya magogo na mapango yaliyochimbwa kwenye kingo za mto. Kiseyeye kiliingia kwa kukosa mboga na matunda, na malaria ikawaandama. Mamia walikufa. Kabla ya hapo, mwezi Agosti, Patty mwenyewe alikuwa amelala mahututi, watu wakakata tamaa naye. Alipopona alirudi kwenye kazi ileile, na katika shajara ya majira yale watoto wanaozaliwa na watoto wanaozikwa wanafuatana ukurasa kwa ukurasa.

Hapo ndipo na uchungu wake wa nyumbani ulipomfika. Mume wake David alikuwa ameoa mke wa pili, Rosilla Cowan, na baridi ile wote watatu walikuwa pamoja. Patty aliandika kwamba mwenzake hakutaka kushiriki kazi za nyumba, kwamba David alimpendelea Rosilla na kumpa yeye maneno makali, kwamba alilia na kukosa usingizi. Hakuandika kwamba mitala ni makosa. Aliiamini kuwa amri ya Mungu, na bado ilimuumiza. Ukisoma kurasa hizo utaona mwanamke anayebeba vyote viwili kifuani kwa wakati mmoja, jambo ambalo wanafunzi wako waliligawa kwa pande mbili za darasa. Mwishoni mwa mwaka Rosilla aliondoka, akarudi Nauvoo.

Kilichomshika Patty katika miezi ile kilikuwa wanawake wenzake. Walikutana nyumba kwa nyumba, wakaomba, wakaimba, wakanena kwa lugha, wakawekeana mikono vichwani na kuwaombea wagonjwa wapone. Eliza Snow mara nyingi alikuwapo. Kuwekea mikono wagonjwa kuliendelea kuwa kazi ya kawaida ya wanawake wa kanisa hilo kwa miaka mingi, mpaka viongozi wa karne ya 20 walipoibana kazi hiyo na kuiachia wanaume wenye ukuhani. Wanahistoria wengi wanaoandika juu ya safari huhesabu maksai na mito iliyovukwa. Mimi naona mikutano hii ya wanawake ndiyo iliyowafanya wengi wao wasirudi nyuma.

Juni 1847 Patty akaanza mwendo wa pili. Msafara wa kwanza wa Brigham Young, wenye wanaume 143, wanawake watatu na watoto wawili, ulikuwa umetangulia, nao ulifika bonde la Salt Lake mwezi Julai. Patty, akiwa na miaka 52, aliendesha mwenyewe gari la maksai wanne zaidi ya kilomita 1,600, kupita Nebraska na Wyoming hadi ng'ambo ya milima ya Rocky. Alipofika bondeni 24 Septemba aliandika kwa fahari kwamba hakuvunja kitu wala gari lake halikupinduka. Siku mbili baadaye aliandika kwamba amemzalisha Harriet Young mtoto wa kiume. Miezi kadhaa kabla alikuwa ametabiriwa kwamba mikono yake ndiyo itakayompokea mwana wa kwanza wa kiume katika mahali pao pa kupumzika, naye akaandika kwamba amesafiri zaidi ya maili elfu moja ili kulitimiza neno hilo.

Bonde lile halikuwa tupu. Washoshone, Waute na Wagoshute walikuwa wakiishi, kuwinda na kukusanya mbegu huko kwa vizazi vingi, na mifugo na mashamba ya wageni yaliharibu chakula chao haraka. Mwaka 1853 vita vilizuka kati ya Waute na walowezi. Mwaka uliofuata Patty alichaguliwa kuongoza chama cha wanawake kilichoshona nguo kwa ajili ya wanawake na watoto wa wenyeji. Alikuwa na moyo mwema, sina shaka, lakini nguo hazikurudisha ardhi. Ukiwafundisha wanafunzi juu ya wanawake hawa kama wakimbizi, ambao kweli walikuwa, wafundishe pia kwamba mkimbizi aliweza kuwa mlowezi juu ya ardhi ya mwingine.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya njaa. Mapaa ya nyumba zao ngomeni yalikuwa ya udongo, na mvua ilipita moja kwa moja. Mwaka 1848 wadudu wakubwa weusi, jamii ya nyenje, walishuka kwenye mazao. Wanawake na watoto walichimba mizizi ya ua la mwituni liitwalo sego, walipika mibaruti, walipima unga kwa kiganja. Na hapa ndipo namleta Jane Manning James.

Jane alizaliwa huru huko Connecticut, mwanzoni mwa miaka ya 1820, katika familia ya Wamarekani weusi. Aliingia kanisani na mwaka 1843 akaondoka na mama yake na ndugu zake kwenda Nauvoo. Walipofika Buffalo, New York, walikataliwa kupanda meli, hivyo wakatembea karibu kilomita 1,300. Alisimulia uzeeni kwamba viatu viliisha, miguu ikapasuka, wakaacha alama za damu ardhini, nao wakasimama na kumwomba Mungu awaponye. Nauvoo alifanya kazi na kuishi nyumbani kwa Joseph Smith. Aliolewa na Isaac James, akajifungua njiani Iowa mwaka 1846, akafika bondeni Septemba 1847, siku zilezile alizofika Patty.

Aprili 1849, mama mmoja wa kizungu aitwaye Eliza Lyman alikuwa na watoto wenye njaa na mumewe yuko mbali. Aliandika katika shajara yake kwamba Jane James alimpa karibu paundi mbili za unga, kama nusu ya unga wote aliokuwa nao Jane. Ni chini ya kilo moja. Sijui ushahidi mwingine mfupi namna hiyo unaoonyesha vizuri zaidi jinsi wanawake hawa walivyoishi.

Na kanisa lilimlipaje? Mwaka 1852 bunge la Utah lilihalalisha utumwa wa watu weusi katika eneo hilo, na mwaka huohuo Brigham Young akatangaza hadharani kwamba watu wenye asili ya Afrika hawatapewa ukuhani. Ibada za juu za hekaluni nazo walinyimwa. Jane aliomba kwa barua na kwa mdomo, mwaka baada ya mwaka, aruhusiwe kupata ibada hizo pamoja na familia yake. Mwaka 1894 viongozi walikubali jambo moja tu: aunganishwe na Joseph Smith kama mtumishi wake wa milele, tena ibada ikafanyika bila yeye kuingia, mwanamke mwingine akisimama badala yake. Hakuridhika, akaendelea kuomba hadi alipofariki mwaka 1908. Marufuku iliondolewa Juni 1978. Leo waumini wa kanisa hilo Nairobi na Lubumbashi wanaingia mahekalu bila kizuizi hicho, na ningependa kijana wako wa darasani amjue mama huyu kwa jina.

Wapo pia waliovuka wakiwa watumwa. Biddy Mason alitembea kutoka Mississippi nyuma ya magari ya bwana wake aliyekuwa Mmormoni, akichunga mifugo huku ana watoto wake mwenyewe, mmoja bado ananyonya. Alipopelekwa California, ambako utumwa haukuruhusiwa, alikwenda mahakamani na mwaka 1856 jaji wa Los Angeles akamtangaza huru. Alifanya ukunga na akawa mmiliki wa viwanja mjini humo.

Sasa mitala. Joseph Smith aliianza kwa siri. Patty mwenyewe alifungishwa naye ndoa mwaka 1842 huku akibaki mke wa David, jambo linalowashangaza hata Wamormoni wa leo. Ilitangazwa hadharani Agosti 1852 na kusitishwa rasmi kwa tamko la rais wa kanisa, Wilford Woodruff, mwaka 1890, baada ya sheria kali za serikali kuu. Si kweli kwamba wote walikuwa wake wenza: familia nyingi zilikuwa za mke mmoja, ingawa katika baadhi ya vijiji mitala ilikuwa ya kawaida sana.

Kuhusu hiari, jibu langu ni hili. Walioburutwa kwa nguvu walikuwa wachache. Lakini msichana aliyeambiwa tangu utotoni kwamba mitala ni njia ya utukufu wa juu mbinguni, na anayeposwa na kiongozi wake wa dini, hakuwa huru kama tunavyolielewa neno hilo. Wakati wa uamsho wa kidini wa 1856 na 1857 ndoa za mitala ziliongezeka ghafla, na baadhi ya maharusi walikuwa watoto wa miaka 15 na 16. Hilo siwezi kulipamba. Kwa upande mwingine, mwanamke aliyechoka na ndoa aliweza kuachana kwa urahisi kuliko wenzake wa sehemu nyingi za Marekani. Brigham Young alitoa hati za talaka zaidi ya 1,600 katika uongozi wake.

Ninachokiona kila ninaporudi kwenye shajara hizi ni kwamba tofauti kubwa kati ya mke mmoja na mwingine ililetwa na mkono wake: je, ana kazi yake na fedha yake? David alifariki 1850. Mwaka uliofuata Patty aliolewa na John Parry, na siku ya harusi akaandika kwamba anamshukuru Bwana kwa kumpatia mtu wa kumkatia kuni. Parry naye akaja kuoa mke mwingine. Safari hii Patty hakulia kama Winter Quarters. Alikuwa na nyumba yake, bustani ya matunda aliyouza kwa faida, mapato ya ukunga, baadaye na hisa katika duka la ushirika. Alizalisha hadi uzeeni. Hesabu yake inafika watoto 3,977. Akiwa karibu miaka 90 alijenga shule huko Bountiful kwa fedha zake mwenyewe. Alifariki 1892 akiwa na miaka 97. Mke wa tatu au wa nne aliyeachiwa shamba kavu na watoto saba, mume akipita mara moja kwa mwezi, aliishi maisha mengine kabisa chini ya imani ileile.

Jambo litakaloshangaza darasa ni kura. Wanawake wa Utah walipewa haki ya kupiga kura Februari 1870, miaka 50 kabla ya Marekani nzima. Wabunge wa Washington waliokuwa wakiwahurumia kama wafungwa wa mitala ndio waliowanyang'anya haki hiyo kwa sheria ya 1887. Dkt. Martha Hughes Cannon, mke wa nne wa Angus Cannon, alikimbilia Ulaya 1886 na mtoto mchanga ili asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi ya mumewe na dhidi ya akina mama aliowazalisha. Utah ilipokuwa jimbo mwaka 1896 kura ilirudi, na Novemba mwaka huo Martha akachaguliwa seneta wa jimbo, wa kwanza mwanamke nchini kote. Mume wake alikuwa miongoni mwa wagombea alioshindana nao, naye alishindwa.

Nirudi kwenye mkokoteni, kwa kuwa picha inadai. Msiba unaokumbukwa ni wa 1856, wa misafara miwili iliyoongozwa na Willie na Martin. Watu karibu 1,000, wengi maskini kutoka Uingereza na Skandinavia, waliondoka wamechelewa, kila mtu mzima akiruhusiwa mzigo wa kilo nane hivi. Theluji iliwakuta Wyoming mwezi Oktoba, posho ya unga ikapunguzwa tena na tena, na zaidi ya 200 walikufa. Elizabeth Jackson aliamka usiku kwenye hema na kukuta mumewe Aaron amekufa ubavuni mwake. Hakuwa na wa kumsaidia, akakaa na maiti hadi kukapambazuka, kisha akaendelea na watoto wake watatu. Nellie Pucell, mtoto wa miaka kumi, alikatwa miguu yote miwili iliyoganda. Habari zilipofika Salt Lake wakati wa mkutano mkuu, Lucy Meserve Smith alieleza kwamba wanawake walivua magagulo yao, soksi na chochote walichoweza kuachia palepale ukumbini, wakavirundika kwenye magari ya uokoaji.

Kwa kipindi chako kijacho, usiwaulize wanafunzi kama walikuwa mashujaa au wafungwa. Wasomee kurasa za Patty za baridi ya 1846, wasomee ule mstari mmoja wa Eliza Lyman wa Aprili 1849, kisha simulizi ya Jane James, na uwaache waulize ni nani kati yao aliyekuwa na unga, nani alikuwa na fedha, na nani alibakishwa nje ya hekalu.